Siku Mjeledi Alipokwenda Kuulizia Soko

Soko haliulizwi, huendewa.

Maneno hayo yalimtoka mzee Gunda, kinyozi, akiwa na wembe mkononi na kichwa cha mtu mbele yake. Vijana wanne waliokuwa kwenye benchi wakisubiri zamu walikuwa wakibishana kuhusu mwanamuziki mmoja wa siku nyingi: bado ana soko au amekwisha? Wawili walisema anajaza uwanja. Wawili walisema kwa sasa hawezi kujaza hata bajaji.

"Hiyo ya wahenga, babu?" akauliza mmoja wao, Hosea.

"Wahenga wapi? Mwenye methali hiyo yuko hai, ana simu mbili, na jana tu kaniuzia vitunguu, vitatu vimeoza. Methali hii ina mama na ina siku ya kuzaliwa. Tulieni, kelele zenu zitamkata mtu sikio. Ilizaliwa hivi."

Alikuwapo hapa hapa Singida mtu aliyeitwa Daudi Mkumbo, ila ukimwita Daudi alikuwa hageuki. Jina lake lilikuwa Mjeledi. Enzi za kanda za kaseti, huyu bwana akishika kipaza sauti watu walikuwa wanapanda juu ya mapaa. Alitoa albamu mbili na alikuwa na kofia moja. Albamu zilipotea, kofia ikabaki. Wakati wa kisa hiki alikuwa na miaka arobaini na minane, binti mmoja, na goti la kushoto linalotabiri mvua kuliko watu wa hali ya hewa.

Siku moja aliitwa na Mama Kitundu, mwenye kiwanda cha kukamua alizeti. Mama huyo alikuwa anaingiza mafuta mapya sokoni, akitafuta msanii wa kuyatangaza.

"Mkumbo," alisema, "mimi ujana wangu nimeuchezea nyimbo zako. Lakini biashara haina ujana. Vijana wangu wa ofisini wanasema umepitwa. Niletee uthibitisho kwamba bado una soko. Mpaka Ijumaa."

"Sawa, mama," alijibu Mjeledi, kwa ile sauti ya mtu ambaye hajaelewa kitu.

Alipofika nje ndipo alipoanza kujiuliza. Uthibitisho wa soko unafananaje? Ni karatasi? Ina mhuri? Barua ya utambulisho huandikwa na mwenyekiti wa mtaa. Barua ya soko je?

Na jambo lenyewe halikuwa la mzaha. Shemeji yake wa Manyoni, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa amemwekea nafasi ya kuuza misumari, na alitaka jibu kabla ya Jumatatu. Mjeledi alikuwa ameapa mbele ya mkewe: akiambiwa hana soko, Jumatatu anapanda basi, na kipaza sauti chake anawaachia wanakwaya. Kwa hiyo wiki hiyo yote ilikuwa ni swali moja tu: Mjeledi, au misumari.

Alianza kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa kuwa ndiye mwenye mhuri. Mwenyekiti alimsikiliza kwa makini, akatikisa kichwa, akaandika: "Namtambua Daudi Mkumbo kuwa ni mkazi wangu na hana fujo." Akagonga mhuri.

"Na soko?" akauliza Mjeledi.

"Soko ni la halmashauri, ndugu yangu. Mimi naishia kwenye fujo."

Akaenda redioni. Mtangazaji, kijana mwenye vipokea sauti shingoni, alimkumbatia mpaka kofia ikadondoka. "Gwiji! Nguli! Hazina ya taifa!"

"Basi nipigie wimbo wangu mmoja leo."

"Aaa, leo hapana, mzee wangu."

Mjeledi akatoka akitafakari njia nzima. Hazina si ndiyo ile inayofukiwa chini ili isionekane?

Nyumbani alimkuta binti yake, Siwema, akamwomba aangalie mtandaoni. Siwema akasugua simu kwa kidole, akasugua tena.

"Baba, wimbo wako umesikilizwa mara mia tatu na kumi na mbili."

"Leo?"

"Tangu uwekwe. Miaka sita."

Mjeledi akakaa chini taratibu, goti likalia.

"Ila subiri," Siwema akasema. "Kuna watu elfu tisa wametumia kipande chako kwenye video ya paka anayeanguka kwenye ndoo."

"Hao elfu tisa ni wangu au wa paka?"

"Hapo, baba, hata mimi sijui."

Alhamisi akaenda kwa kinyozi mmoja, fundi hodari sana, mwenye busara, na kwa sura naye hakuwa mbaya...

"Babu, huyo si wewe?" Hosea akadakia.

"Kinyozi ni kinyozi. Sikiliza."

Kinyozi huyo akamwambia, "Mjeledi, watu wakikaa kwenye kiti hiki wanakutaja sana."

"Kweli? Wanasemaje?"

"Wanauliza kama bado uko hai."

"Hiyo ni nzuri au mbaya?"

"Sijui. Ila kuna wengine hawauliziwi kabisa."

Mjeledi akarudi nyumbani kichwa kimekuwa kama redio iliyo katikati ya stesheni mbili. Gwiji asiyepigwa. Msanii wa paka. Maarufu ambaye huenda amekufa. Usiku shemeji akapiga simu kusema misumari ya inchi tatu imefika. Begi likatolewa chini ya kitanda.

Ijumaa asubuhi alikaa mezani mbele ya chai iliyopoa, akiguna. "Soko... sasa soko nitalipata wapi mimi... soko..."

Mkewe, Mama Siwema, alikuwa ameshavumilia siku nne. "Soko, soko, soko! Soko si lile pale chini! Umesahau njia? Na ukienda niletee vitunguu."

Mtu mwenye akili iliyopumzika angecheka. Lakini ya Mjeledi ilikuwa imechoka, na neno la mkewe likaingia lilivyo. Akawaza: kweli, nimeulizia soko kila mahali isipokuwa sokoni. Akavaa kofia, akachukua daftari na kalamu, akashuka.

Akawa anapita meza kwa meza kama mtu wa sensa. "Samahani, unamfahamu Mjeledi?"

Muuza dagaa akamwambia hamfahamu. Muuza ndizi akauliza kama anadaiwa. Mzee wa kamba na majembe akamjibu kwa upole, "Mijeledi hapa hatuna, mwanangu. Subiri siku ya mnada wa ng'ombe, wanaiuza kule."

Mjeledi akaandika kwenye daftari: *mnada*. Kisha akajishangaa kwa nini ameandika.

Ndipo aliposikia sauti kutoka safu ya vitunguu. Mwanamke mmoja mnene, amejifunga khanga kiunoni, simu moja sikioni na nyingine kifuani, alikuwa akiita wateja:

"Kitunguu kikikuliza!"

Na wapagazi wote waliobeba magunia wakamwitikia, "Kisu usikilaumu!"

"Aliyelia jikoni!"

"Ndiye aonjaye utamu!"

Mjeledi akageuka upande wa sauti. Mistari hiyo aliitunga yeye. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, amekaa barazani kwa marehemu mama yake, anamenya vitunguu vya kupeleka mnadani, macho yanamtiririka. Aliiandika nyuma ya pakiti ya majani ya chai.

Akamsogelea yule mwanamke, ambaye watu walimwita Mama Shango. "Mama, hayo maneno umeyatoa wapi?"

"Ya wahenga hayo, baba. Nikupimie sado ngapi?"

"Si ya wahenga. Ni ya kwangu."

Mama Shango akaondoa simu sikioni. "Jamani! Njooni mumwone mhenga! Kavaa kofia!"

Soko likaangua kicheko. Mpagazi mmoja akatua gunia, akamwinamia kwa heshima zote. "Shikamoo, mhenga. Na ile ya haraka haraka haina baraka, nayo ulitunga wewe?"

"Wewe cheka tu, ila mimi..."

Simu yake ikaita. Mama Kitundu.

"Mkumbo, leo ni Ijumaa. Uthibitisho uko wapi?"

"Niko sokoni, mama."

"Soko gani?"

"La vitunguu."

"Mkumbo. Mimi nilisema soko. Sikusema soko."

"Ndiyo, mama. Hata mimi nilisikia soko."

"Usitoke hapo. Niko karibu. Nakuja kuona kama u mzima."

Alifika akiruka matope kwa viatu vya ofisini, na kabla hajamwona Mjeledi, akasikia wito. *Kitunguu kikikuliza!* Akasimama. Akasikiliza mpaka mwisho, akatoa kalamu.

"Maneno mazuri haya! Kitunguu, jiko, utamu... kinachokosekana ni mafuta tu. Ya nani?"

"Ya wahenga!" soko zima likajibu.

"Basi vizuri," Mama Kitundu akasema, akiandika. "Ya wahenga ni ya kila mtu. Nitayaweka kwenye tangazo, nisimsumbue msanii yeyote."

Hapo Mjeledi akachanganyikiwa kuliko wiki nzima. Alikuwa amekuja kutafuta soko, akalikuta limejaa, linaimba maneno yake asubuhi hadi jioni, na ndani ya soko hilo yeye mwenyewe hayumo. Kumbe mtu anaweza kuwa kwenye kila mdomo na asiwe kwenye kichwa hata kimoja! Sasa hilo ni kuwa na soko au kutokuwa nalo? Akafungua daftari, akaanza tena kuzunguka, jasho linamtoka.

"Nani hapa ana kanda ya zamani? Hata iliyokatika? Wewe kaka, hukumbuki? Mama, wewe? Nani anaweza kunisemea?"

Akauliza huku, akauliza kule, akasimama katikati ya njia, wateja wakaanza kukwama nyuma yake. Mama Shango uvumilivu ukamwishia. Akapiga sado lake kwa kiganja, paa!

"Baba wee! Tangu asubuhi unauliza tu, umetuzibia wateja! Soko haliulizwi, huendewa! Kama una mzigo, shusha tuuone. Kama huna, nipishe!"

Mjeledi akamtazama. Akalitazama daftari. Ndani mlikuwa na neno moja: *mnada*. Akalifunga, akalitia mfukoni, akaigeuza kofia kisogoni kama zamani.

Mara ya kwanza sauti ilikwaruza, ikakatika. Mtu akacheka. Yule mpagazi mtani, sijui ni huruma au ni utundu, akaokota debe tupu akaanza kuligonga. Mjeledi akauacha mdundo wa debe uzunguke mara mbili, kichwa kikifuata, kisha akaingia:

"Kitunguu kikikuliza, kisu usikilaumu,
Aliyelia jikoni ndiye aonjaye utamu."

Hapo ndipo soko lilipozoea kuishia. Watu wakawa tayari kupiga makofi waende zao. Lakini yeye hakuishia hapo.

"Ukinimenya ganda, chini yake lipo ganda,
Ukidhani nimekwisha, ndiyo kwanza ninapanda!"

Debe likanyamaza. Mpagazi alikuwa amesahau mkono hewani.

"Khaa!" Mama Shango akasema polepole. "Kumbe ina mwendelezo!"

Maana, wahenga mistari yao kila mtu anayo. Ila ile iliyobaki ndani anayo mwenyewe aliyeitunga.

"Hebu rudia hapo kwenye ganda," Mama Shango akaagiza, na simu zote mbili akaziweka chini. Akarudia. "Tena." Akarudia. Mara ya nne safu nzima ya vitunguu ilikuwa inaitikia, na wa nyanya walikuwa wanauliza yao itatungwa lini.

Mama Kitundu hakuwa akimwangalia Mjeledi. Alikuwa akiwaangalia watu waliokuwa wakipita na haraka zao, namna walivyosimama, vikapu mkononi. Akafuta neno "wahenga" kwenye karatasi yake.

"Mkumbo, Jumatatu saa tatu njoo ofisini. Uje na kofia."

"Na ule uthibitisho, mama?"

"Uthibitisho wa nini tena?"

"Kwa hiyo soko ninalo au sina?"

"Toka njiani, mhenga!" akafoka Mama Shango. "Wateja wanapita!"

Shemeji wa Manyoni akapigiwa simu kwamba misumari itafute mtu mwingine. Mjeledi akaingia nyumbani anaimba, mikono mitupu.

"Vitunguu viko wapi?" akauliza mkewe.

Akasimama mlangoni, akajaribu kueleza, mwenyekiti, hazina, paka, wahenga, debe, na kadiri alivyoeleza ndivyo mkewe alivyozidi kutoelewa. Mwishowe akageuka, akashuka tena sokoni kwa miguu, goti likimwambia mvua inakuja.

Mzee Gunda akafunga wembe, akapangusa shingo ya mteja kwa brashi, akakung'uta shuka. Vijana wanne walikuwa wamesahau ni zamu ya nani.

"Sawa, babu," Hosea akasema. "Sasa tuambie ukweli. Huyu msanii tuliyekuwa tunambishania, na hata huyo Mjeledi mwenyewe, leo hii bado ana soko?"

Mzee akaitazama saa ya ukutani. "Saa nne na nusu. Wa vitunguu wameshafungua." Akaonyesha mlango kwa wembe. "Nendeni. Soko haliulizwi..."

Na wale wanne, wawili wa uwanja na wawili wa bajaji, wakaitika pamoja kwa mara ya kwanza asubuhi ile:

"...huendewa."