Gauni la Chatu

— Ngano, ngano.
— Itujie.
— Ina miguu?
— Inayo, tena haivai viatu.
— Ipite au iingie?
— Iingie, ikae kitako nasi.

Haya, imekaa. Zamani hizo nchi ilikauka. Mito ikawa mchanga, visima vikawa mashimo, likabaki bwawa moja tu ndani ya msitu. Bwawa lenyewe halikuwa na chura wala wimbi. Ukungu ulilala juu yake asubuhi, ukalala mchana, hata jua la utosi halikuuinua. Na mwenye bwawa alikuwa Chatu.

Chatu alikuwa mrefu, mnene, na mpole wa sauti. Madume aliwaachia wanywe watakavyo. Majike aliwawekea sharti. Kando ya bwawa, juu ya tawi, alitundika gamba alilojivua, refu, jembamba, linalong'aa kama limepakwa mafuta. Akaliita Gauni la Heshima.

"Kila mwanamke alivae kwanza," alisema. "Likimwenea, anywe. Lisipomwenea, arudi kwao."

Basi wakaja. Akaja Mama Ngiri, gauni likakwama mapajani, madume wakacheka, akarudi. Akaja Bi Kobe, gauni likakwama mgongoni, madume wakacheka, akarudi. Akaja Bi Swala wa miguu mitatu, mmoja uliliwa na mtego, gauni likamwangusha chini, pu, madume wakacheka, akarudi. Majike wakawa wanakaa ndani, wanalamba umande wa majani alfajiri, na wakikutana njiani kila mmoja anatazama miguu yake.

Sasa palikuwa na Nungunungu mmoja, jike, wenzake wakimwita Nungu. Huyu hata kulijaribu gauni hakulijaribu. Miiba yake ilikuwa ikilia akitembea, cha-cha-cha, naye tangu utotoni alikuwa akiilaza kwa aibu, akipita kando kando ya watu kama mtu aliyebeba kitu cha wizi. Nyumbani alikuwa na mama yake mzee, ulimi umeshikana na kaakaa kwa kiu.

Jirani yake alikuwa Digidigi, msichana mcheshi, miguu myembamba, tumbo la mviringo. Digidigi alisema, "Mimi litanienea, dada. Ni tumbo tu." Akaacha kula. Akajifunga tumbo kwa ukambaa, akakaza, akakaza tena. Ucheshi ukamtoka kwanza, kisha nyama. Siku moja wakaongozana yeye na Nungu mpaka bwawani, na gauni likamwenea.

Lilimwenea hasa. Lilimbana kifua hata akawa anapumua kwa ncha ya pua. Mikono haikunyanyuka. Miguu ilipiga hatua fupi fupi, tii, tii, tii. Akageuka kumtazama Nungu, akatabasamu, akaingia kwenye ukungu upande wa maji. Nungu, aliyejificha kwenye mafunjo, akasikia kitu kikiimba humo, taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto:

Jibane, mama, likuenee,
pumzi ya nini? Iachilie.

Kisha akasikia, gudu.

Kisha kimya. Alipopata nguvu za kusogea, gauni lilikuwa limerudi juu ya tawi lake. Alilishika. Lilikuwa na joto. Na ndani yake mlikuwa na pumzi, ndogo, ikipanda na kushuka, kama ya mtu aliyelala akiwa na mafua. Nungu akajiambia ni upepo. Hapakuwa na upepo.

Kijijini wakasema Digidigi amekwenda kwa wajomba zake. Nungu naye akasema hivyo hivyo, amekwenda kwa wajomba zake. Lakini mama yake mzee alikuwa hawezi tena kuita jina lake kwa ukavu wa koo, basi Nungu akaketi nyuma ya nyumba, akaanza kujing'oa miiba. Mmoja, damu. Mwingine, damu.

Hapo ndipo alipopita Sange. Mnamjua Sange, yule mdogo kama panya ila si panya, mwenye pua ndefu inayoingia kwenye habari kabla yake mwenyewe.

"Dada Nungu, unafanya nini?"

"Najipunguza."

"Unajipunguza uwe nani?"

Nungu akang'oa mwingine. Sange akakaa, akaokota mwiba mmoja, akaujaribu ncha kwenye kidole.

"Digidigi yuko wapi?" akauliza.

"Kwa wajomba zake."

"Nimekuuliza Digidigi yuko wapi."

Nungu akafungua mdomo kusema wajomba, yakatoka mengine. Akasema juu ya wimbo. Akasema juu ya joto. Akasema juu ya ile pumzi, na aliposema pumzi akalia, maana alikuwa amejua tangu siku ile kuwa ni ya nani.

Sange alimwacha alie mpaka akamaliza. Kisha akasema, "Usijing'oe tena. Hii uliyokwisha kung'oa nipe. Nimepata sindano."

Sange akaponda magome ya mti mpaka yakalainika kama kitambaa, akachambua nyuzi za katani, akachemsha mzingefuri akapata nyekundu, akachemsha mdaa akapata nyeusi. Akapita nyumba kwa nyumba. Kila alikoingia alisema neno moja: "Simama unavyosimama." Hakusema jinyooshe, hakusema vuta tumbo. Akamshonea Mama Ngiri gauni la mapaja mapana, likimfuata akitembea. Akamshonea Bi Kobe lililo wazi mgongoni, gamba lionekane na michoro yake. Akamshonea Bi Swala lenye pindo refu upande mmoja na fupi upande mwingine, asikanyage. Na la Nungu likawa jekundu, lina tundu kwa kila mwiba.

Nungu alilivaa. Miiba ikapita kwenye tundu zake, ikasimama yote. Alijitingisha kidogo kwa woga, cha. Akajitingisha tena, cha-cha-cha. Mama yake akageuza kichwa kwenye mkeka, akamtazama kwa muda mrefu, na ingawa hakuwa na sauti Nungu aliona midomo yake ikitaja jina.

"Sasa twendeni maji," akasema Sange.

Majike wote wakaenda saa ya jua la utosi, wakati kivuli cha mtu kinapojificha chini ya nyayo. Ndege walikuwa kimya. Ukungu ulikuwa pale pale. Safari hii hawakupita kando kando. Nungu alitangulia, na kila alipopiga hatua miiba ikalia, na nyuma yake wenzake wakaishika sauti hiyo kama ngoma. Madume ng'ambo ya bwawa wakainua vichwa kutoka majini.

Chatu akatoka ukunguni, polepole, pingili kwa pingili.

"Nani amewashonea?"

"Mimi, bwana," akasema Sange.

"Nani amekupa kipimo?"

"Wenye miili."

"Hapa hapanywi mtu bila gauni langu."

"Ndilo tulilofuata," akasema Sange. "Nguo hizi tutazivua. Ila bwana, sote tumeshindwa na gauni lako. Huenda tunalivaa kinyume. Tuoneshe wewe linavyovaliwa, nasi tutalivaa mmoja mmoja, leo hii. Hata Mama Ngiri."

Chatu akamtazama Mama Ngiri. Akamtazama tena. Udenda ukadondoka, ti, ti, ti.

"Gauni hilo mimi nimelivua," akasema.

"Ulichokivua hakikushindi kukivaa. Au halikuenei tena?"

Ng'ambo, dume mmoja akacheka kidogo, kisha akajifanya amekohoa. Chatu akakisikia kile kikohozi. Akalishusha gauni tawini, akaingiza mkia, akaanza kujisukuma kinyumenyume, nyaa, nyaa, nyaa. Alikuwa amenenepa tangu alivue. Mle tumboni alibeba wengi, Digidigi na wote liliowaenea kabla yake. Likakwama.

"Jibane, bwana," akasema Sange kwa upole.

Chatu akatoa pumzi. Likapanda.

"Jibane tena."

Akatoa pumzi. Likapanda.

"Iliyobaki ya nini? Iachilie."

Chatu akaiachilia yote, na gauni likamfika shingoni. Hapo Sange akaruka juu ya kichwa chake, mwiba mkononi, uzi nyuma yake. "Shingoni pamelegea, bwana. Fundi hamwachi mtu hivi." Akaivuta ile ngozi ikafunika macho, akaivuta ikafunika mdomo, akashona, chwi, chwi, chwi, na Mama Ngiri akaketi juu yake ili mshono usiende upande.

Chatu alitaka kuvuta pumzi. Hapakuwa na nafasi ya kuivuta.

Gauni likafurukuta. Kisha likaanza kuimba lenyewe, na sauti haikuwa ya Chatu. Zilikuwa sauti nyingi za kike, nyembamba, na katikati yake Nungu akaitambua moja. Likaimba mpaka mwisho, likapanda kidogo, likashuka, halikupanda tena. Miiba ya Nungu ilikuwa ikitetemeka na kulia, naye hakuilaza.

Ukungu ukaondoka juu ya maji kama kitu kilichoaibika. Wakanywa.

Katika ngano nyingine tumbo hupasuliwa, na waliomezwa wakatoka wakipiga chafya. Katika hii walipasua, na hakutoka mtu.

Nungu alimpelekea mama yake maji, kisha akaenda kwa Mama Digidigi kumwambia ukweli, kwamba hakuna wajomba. Mama Digidigi alisikiliza. Alipomaliza kusikiliza alimfuata Sange.

"Nishonee na la mwanangu."

Majike wakatazamana. Sange akachukua uzi. "Kipimo chake, mama?"

Mama Digidigi akanyoosha mikono kuonesha upana. Nungu akasema taratibu, "Mama, hakuwa mpana hivyo."

"Hicho kilikuwa kipimo cha mwisho," akasema mama. "Mimi nataka cha kabla."

Sange akashona, la njano, lenye nafasi tumboni. Wakalitundika bwawani kwenye tawi lile lile. Mara upepo ukaja, wa kwanza tangu ukame uingie, ukaingia ndani ya gauni ukalijaza. Kifua kikajaa. Tumbo likajaa, la mviringo. Likageuka upande wa mama yake, likakaa hivyo muda kidogo, na wote waliokuwepo waliliona.

Na funzo lake, mama zangu na dada zangu, ni hili: nguo haikosei, mwili ndio hukosea. Akija fundi akakuuliza umesimamaje, mkimbie, atakuharibia adabu. Na ukiimbiwa ujibane, jibane upesi, usimkawize mwenyeji. Msiponiamini mimi, kamuulizeni Chatu.

— Ngano imeinuka.
— Ijifute vumbi.
— Inauliza njia ya kwao.
— Ipite kwa mlango, dirisha halitaienea.