Mfinyanzi Aliyeacha Kuchora Vyungu

Ukimaliza kusoma kisa hiki, mpelekee fundi mmoja unayemfahamu.

Nakijwa alikuwa mfinyanzi huko milimani Upare. Kabla ya kuchoma chungu, alikichora nakshi shingoni kwa ncha ya kijiti, na kazi hiyo ilimlia asubuhi nzima.

Siku moja aliingia jikoni kwa wifi yake, akakuta chungu alichomfinyangia kimekuwa cheusi tititi. Masizi yameifunika nakshi yote. Swali likamwingia, likakataa kutoka: nachora ili iweje?

Alimuuliza wifi yake, akaambiwa ndivyo walivyofanya mabibi. Mchuuzi anayempelekea vyungu sokoni alisema wanunuzi hugonga tu wasikie kama kuna ufa. Mumewe, Senkondo, alimshauri aache kama anachoka. Kila jibu lilikuwa na ukweli wake, na kila jibu lilizidi kumchanganya.

Akaacha kuchora. Vyungu vikatoka vingi zaidi, vikanunuliwa vilevile. Hakujua afurahi au alie.

Mwezi wa tatu tangu aache kuchora, akaja mjane aitwaye Namkunda, amebeba chungu kilichopasuka, amekifunga kwa kanga kama mtoto. Alitaka kingine chenye nakshi ileile.

"Nakshi gani, dada? Mbona naona masizi matupu?"

Namkunda akamshika mkono, akavipitisha vidole vyake shingoni mwa chungu.

"Mume wangu alipofariki, sikutaka kula wala kusema na mtu. Lakini ilikuwa lazima watoto wale, na chungu kioshwe. Kila nikikiosha, vidole vinapita hapa. Mstari unakwenda, unakatika, halafu unaanza tena. Nikasema, basi na mimi nitaanza tena."

Nakijwa aliukumbuka mkatiko ule. Siku alipokichora chungu kile, kuku alimrukia, mkono ukateleza, naye akaona uvivu kusawazisha. Alipojitahidi hakuna aliyeona; alipokosea ndipo mtu akapata nguvu. Akachanganyikiwa kuliko mwanzo.

Hakumwambia mgeni habari ya kuku. Alikanda udongo, akafinyanga, akaokota kijiti.

Jioni Senkondo alimkuta bado ameinamia chungu, akamuuliza kama sasa amepata jibu.

"Sijapata," akasema. "Nisogezee maji, udongo unakauka."

Funzo: Fundi huijua kazi yake mpaka mlangoni tu, ikishatoka, hajui itamshika mkono nani. Kukosa jibu kusikufanye uache.