Mkono wa Vuai

Hapo zamani, zamani ya karibu tu, hospitali zipo na maji ya bomba yanatoka yakipenda, palikuwa na mama aitwaye Mwanaidi. Alizaa mtoto wa kiume, akamwita Vuai.

Jirani yake, Bi Kazija, alikuwa mshona kofia. Akampima mtoto kichwa kwa uzi, akamshonea kofia ya viua. Baada ya siku chache kofia ikambana. Bi Kazija akaona haya, maana miaka thelathini anapima vichwa na hajakosea hata kimoja. Akaifumua kimya kimya, akaishona upya. Ikambana. Akafumua, akashona. Ikambana. Watu wakacheka, wakasema kichwa kile ni cha hakimu. Wiki ya tano Bi Kazija akaitupa kofia mkekani.

"Jamani, uzi wangu ni ule ule! Kichwa ndicho kinachokimbia. Mpelekeni mtoto hospitali!"

Wakampeleka. Daktari Salhiya akampapasa utosi, akaukuta umevimba.

"Ndani ya kichwa cha kila mtu mna vyumba vinne vya maji," akasema. "Maji yanatengenezwa humo humo kila siku. Yanapita chumba hadi chumba, yanauzunguka ubongo na uti wa mgongo, kisha yanaingia kwenye damu. Kwa Vuai njia imeziba. Yanatengenezwa, hayatoki. Tusipoyatoa, atakufa."

Mwanaidi akalia, akaweka nadhiri mbele yao. "Mwanangu akipona, siku ya kwanza ya shule yule aliyemwokoa ndiye atakayemshika mkono kumpeleka. Mimi mwenyewe sitamshika. Nitabaki mlangoni." Usimcheke. Mama mwenye mtoto mgonjwa huahidi chochote.

Daktari akapitisha mpira mwembamba chini ya ngozi, kutoka kichwani hadi tumboni. Maji yakashuka. Vuai akapona.

Alipofika miaka minne, akaanza kutapika kila asubuhi, kichwa kinamuuma, mchana kutwa amelala. Watu wakasema malaria. Akanywa dawa ya malaria. Wakasema minyoo. Akanywa dawa ya minyoo. Siku moja Mzee Pandu, fundi bomba, alikuwa uani kwao anatengeneza bomba.

"Ule mpira wa kichwani una muda gani?" akamuuliza Mwanaidi.

"Mwaka wa nne huu."

"Na hamjautazama?"

"Mzee Pandu, huo ni wa kichwani, si wa bafuni!"

"Maji ni maji. Mpira wake huziba. Mrudisheni kwa aliyeuweka." Akaokota spana, akaendelea na kazi.

Wakamrudisha. Kweli, umeziba. Daktari Salhiya akaweka mwingine. Vuai akaamka, akaomba maandazi.

Akafika miaka saba. Siku ya shule akasimama mlangoni na sare mpya, begi mkono wa kushoto, mkono wa kulia mtupu. Watu watatu wakaja kuutaka.

"Nisingeitupa ile kofia," akasema Bi Kazija, "leo mngekuwa na mtoto? Niliaibika mbele ya mtaa mzima!"

"Shikamoo yako ipo pale pale, Bi Kazija," akasema Daktari Salhiya, "lakini wiki tano ulikuwa unafumua na kushona huku maji yanajaa. Mikono iliyofungua kichwa hiki mara mbili ni hii."

"Mara ya pili aliyesema mtoto arudishwe kwako ni mimi, daktari," akasema Mzee Pandu. "Ulipowaruhusu kwenda nyumbani, uliwaambia kwamba mpira huziba?"

Daktari akatazama viatu vyake. "Wodi ilikuwa imejaa."

"Wewe nawe, Pandu!" akasema Bi Kazija. "Ulimwokoa mtoto huku unatafuta spana. Hivyo vyumba vinne unavijua?"

"Sivijui. Nilijua mpira umeziba."

Kengele ya kwanza ya shule ikalia. Vuai akawatazama wote watatu, kisha akageuka, akamnyooshea mama yake mkono. Mwanaidi akaificha mikono yake ndani ya kanga, machozi yanamtoka.

Haya, semeni basi, kengele ya pili inalia na mkono wa mtoto uko hewani. Anayetaka kusema mama, anyamaze; nadhiri imeshawekwa nami siifumui. Mshona kofia, daktari, au fundi bomba: je, nani alistahili kuushika?