Bi Kwale na Hadithi Aliyoikata

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na nini?

Pakawa na kwale, na kisima, na msiba.

Hapo kale, kale sana, Bi Kwale alikuwa na mtoto wa kiume, Mbwana, na kinda mmoja kiotani, Mwanasiti. Siku moja Mbwana alishuka kisimani Mikwajuni kunywa maji. Chatu akamvizia, akamkamata, akammeza. Mama yake aliona kwa macho yake.

Kila jioni Bi Kwale akawasimulia wanyama. “Chatu amemla mwanangu. Amemla kisimani Mikwajuni. Mwanangu hakurudi.”

Wanyama wakakiacha kisima, wakawa wanakwenda mbali mtoni. Chatu akashinda na njaa.

Chatu akamwendea. “Bi Kwale, umebakiwa na mmoja. Litoe jina langu katika hadithi yako, nami naapa sitamfuata kiotani.”

Bi Kwale akakubali. Jioni ile akasema, “Kuna mtu amemla mwanangu.”

Chatu akarudi. “Patoe na mahali.”

“Na mahali tena, bwana?”

“Kwani mtoto humtaki?”

Akapatoa.

Chatu akarudi mara ya tatu. “Huo mwisho wako unatisha watoto. Sema yu hai.”

“Lakini amekufa! Nimemlilia!”

“Msimulizi ni wewe. Sema.”

Jioni ile Bi Kwale alisimulia tena. Akasema, “Mwanangu alikwenda kunywa maji. Yuko huko hukoo, anakula, anashiba.”

Wanyama wakafurahi. Mwanasiti, ambaye sasa alikuwa ameota manyoya, akafurahi kuliko wote. Hadithi ya kwanza hakuijua, maana ilisimuliwa akiwa bado kinda. Aliyoijua ni hii.

Asubuhi mama alipokwenda kuchakura chakula, Mwanasiti akashuka kumtafuta kaka yake. Maji ya karibu yalikuwa yale ya Mikwajuni.

Bi Kwale akarudi, akakuta kiota kitupu. Akakimbia, akiita, “Mwanasiti! Mwanasiti, mama!”

Alikuta manyoya, na Chatu amejinyoosha, tumbo limetuna.

“Uliapa!”

“Niliapa sitamfuata. Nimemfuata? Amekuja mwenyewe, tena kwa hadithi yako.”

Jioni ile Bi Kwale aliisimulia hadithi yote: nani, wapi, na ilivyokwisha. Wanyama wakalia, wakawakumbatia watoto wao. Yeye hakuwa na wa kumkumbatia.

Basi, jamani, hadithi ina mwenyewe, ina mahali, na ina mwisho. Ukimficha mwovu ndani yake, umemfichia meno.

Yangu imekoma hapa. Ikiwa chungu, msinirudishie. Wapeni watoto kama ilivyo.