Mababu wa Nyati Nyumbani kwa Digidigi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walikuwa na nyumba kama zetu, na kila nyumba ilikuwa na mafiga yake na mtungi wake. Katika nyumba moja ndogo, pembeni mwa vichaka vya miiba, aliishi Digidigi na binti yake, Kibibi.

Mama Kibibi alikuwa amefariki msimu wa mtama uliopita. Vitu vyake vilikuwa pale pale alipoviacha: mtungi kushoto kwa mlango, kinu karibu na ufagio, kapu la pilipili kwenye kigingi. Digidigi alipofagia alikiinua kinu, akafagia chini yake, akakirudisha.

Mwaka huo mvua ilikataa. Digidigi na binti yake walizoea kulamba umande wa majani asubuhi, ukawatosha. Umande nao ukakoma. Mito ikabaki mchanga mtupu. Ikabaki chemchemi moja tu nchi nzima, na juu ya chemchemi hiyo alisimama Nyati.

Siku moja Ngiri, mpiga mbiu wa Nyati, akapita akipuliza baragumu. Puuu! Puuu!

"Ikilia ina jambo! Sikilizeni! Maji haya ni ya ukoo wa Bwana Nyati. Anayetaka kunywa ataje mababu zake kumi na wawili, kwa mpangilio, bila kusita. Akipatia, anywe yeye na watu wa nyumba yake. Akikosea, asiguse maji mpaka mwezi mwingine uandame!"

Kila asubuhi Nyati mwenyewe alipanda juu ya jiwe, akavuta pumzi, akawataja mababu zake mara moja, mbio mbio, kama mtu anayekimbizwa na nyuki. Kisha akashuka.

Wa kwanza kujaribu alikuwa Pundamilia. Alianza vizuri. Alipofika wa tano akataja wa saba.

"Toka!" akanguruma Nyati.

"Bwana wangu, ulimi umeteleza..."

"Utelezee huko huko kwenu! Toka!"

Pundamilia akaenda zake, na watoto wake nyuma, midomo imewakauka.

Digidigi aliyaona hayo yote. Asubuhi tatu mfululizo alijificha majanini, akasikiliza, mpaka majina yote akawa nayo. Majina hayakumshinda. Kilichomshinda ni kuushika mpangilio. Alizunguka uani akipiga kelele, "Vunjajabali, Mlamatope, Pembemoja, Kishindo!" Njiwa akilia juu ya paa, kuu-kuu, yote yanamwagika, anaanza upya.

"Baba," akasema Kibibi, sauti imekauka, "mara hii umemruka Mkiamrefu."

"Nimemruka tena?"

"Na jana ulimtaja mara mbili."

Digidigi akaketi kizingitini. Midomo ya binti yake ilikuwa imepasuka. Mwezi ulikuwa umeandama juzi tu. Akikosea, Kibibi hawezi kungoja mpaka uandame mwingine.

"Mama alikuwa akienda sokoni na vitu ishirini kichwani," akasema Kibibi, "na hakusahau hata kimoja."

"Hakusahau."

"Alifanyaje?"

Digidigi akaugusa mtungi wa mlangoni. "Alikuwa akisema, 'Baba Kibibi, wewe unavipigia kelele vitu kama mbuzi waliotoroka. Mimi navikaribisha nyumbani. Chumvi naikalisha mlangoni, kitunguu nakilaza kitandani. Nikifika sokoni nafumba macho, napita nyumbani kwangu, navikuta vyote.' Nami nilikuwa nikimcheka."

Halafu akainuka ghafla, masikio wima.

"Kibibi! Fungua lango. Tuna wageni kumi na wawili."

"Wageni? Na maji hatuna?"

"Hawa hawanywi. Njoo!"

Wakasimama langoni. "Hapa ni Vunjajabali. Unamwona? Anaigonga nguzo yetu kwa kichwa, ngo! ngo! ngo!"

"Ataivunja!" akacheka Kibibi.

"Mwache. Kizingitini nani? Mlamatope, amepiga magoti, analamba tope la miguu yetu. Puh! Tumruke. Kwenye mtungi?"

"Pembemoja!" akasema Kibibi. "Alitaka kuchungulia, pembe ikanasa!"

"Imenasa, anazunguka na mtungi kichwani. Na kinuni?"

"Kishindo anatwanga. Du! Du! Du!"

Wakaendelea hivyo, baba na binti, nyumba nzima. Mkiamrefu waliufunga mkia wake kwenye ufagio. Mlalachali wakamlaza kitandani, miguu minne juu. Mezatete alikuwa ameshaumeza nusu ya mkeka. Chafyakuu aliutumbukiza uso kwenye kapu la pilipili, chyaaa! Kwatochuma akayakanyaga mafiga yakalia kama kengele. Jichojekundu alisimama dirishani kwenye moshi, akitokwa na machozi. Tumbopipa alikuwa amekalia chungu cha Mama Kibibi.

"Asikivunje," akasema Kibibi.

"Hatakivunja. Nimemwambia akae polepole." Digidigi akakitazama chungu kidogo, kisha akasogea. "Na wa mwisho, baba yake Nyati mwenyewe, Ngurumo, amelala kwenye mlango wa uani. Anakoroma, hatutoki."

Siku hiyo walipita nyumba ile mara tatu, mara ya nne wakaingilia mlango wa uani na kutokea langoni. Njiwa akalia akachoka. Hakuna hata mgeni mmoja aliyetoroka.

Kesho yake asubuhi, Nyati alipokwisha kushuka jiweni, Digidigi akajitokeza.

"Shikamoo, Bwana Nyati."

Nyati akatazama kulia, akatazama kushoto, mwisho akatazama chini. "Marahaba. Lo! Kijiti chenye masikio! Umekuja kukanyagwa?"

"Nimekuja kutaja."

"Wewe? Kichwa hicho kitaingia mababu zangu kumi na wawili? Hata mguu wa mmoja hauingii!"

Ngiri akacheka mpaka baragumu likamdondoka. Wanyama waliokaa mbali kwa kiu wakasogea.

"Kabla sijaanza, Bwana wangu," akasema Digidigi kwa adabu, "nina neno dogo. Watu wana maneno. Wanasema sheria hii ni ya wadogo tu."

"Nani anasema?"

"Sijui, Bwana. Upepo."

"Sheria ya mababu zangu haina upendeleo!" Nyati akapiga kwato, puh, vumbi likatimka. "Kila anywaye hapa inamhusu!"

"Hata mwenye pembe?"

"Hata mwenye pembe kubwa kuliko zote! Ngiri, piga mbiu!"

Puuu! Ngiri akaipiga.

Digidigi akafumba macho. Akafungua lango la nyumba yake moyoni, akaingia.

"Vunjajabali. Mlamatope. Pembemoja. Kishindo. Mkiamrefu. Mlalachali. Mezatete. Chafyakuu. Kwatochuma. Jichojekundu. Tumbopipa. Ngurumo."

Hata nzi walitulia.

"Umebahatisha!" akafoka Nyati.

"Huenda, Bwana. Hata kasuku hutaja akielekea mbele. Kwetu sisi mjuzi wa ukoo hasa ni yule anayetoka kwa baba, akapanda mpaka kwa babu wa kwanza. Lakini mtihani huo ni mzito, wala sikuombi unipe."

"Ala! Unaogopa eh?" Macho ya Nyati yakang'aa. "Basi ndio huo huo! Ngiri, piga mbiu! Kuanzia leo, anywaye ataje kutoka nyuma! Haya, kijiti, taja!"

Puuu!

Digidigi akafumba macho tena. Safari hii aliingilia mlango wa uani. Alimkuta Ngurumo anakoroma, akamruka.

"Ngurumo. Tumbopipa. Jichojekundu. Kwatochuma. Chafyakuu..." Alipita kitandani, akapita kwenye ufagio, akamkuta Pembemoja bado anahangaika na mtungi, akatabasamu. "...Kishindo. Pembemoja. Mlamatope. Vunjajabali."

"Yuuuu!" Pundamilia akashindwa kujizuia.

Digidigi akarudi nyuma hatua mbili, akainama. "Nimemaliza, Bwana. Sasa zamu yako."

"Zamu yangu ya nini?"

"Hujanywa leo. Na mbiu imelia: kila anywaye, hata mwenye pembe."

Nyati akacheka. "Mababu zangu mwenyewe? Nimewajua tangu nikinyonya! Ngurumo!" Akatua. "Ngurumo... e-eh... Ngurumo..." Chini chini akaanza kunong'ona haraka, "Vunjajabali-Mlamatope-Pembemoja-Kishindo..."

"Hapo unatoka mbele, Bwana wangu."

"Najua! Usinichanganye! Ngurumo. Halafu... Mezatete!"

"Aaaah!" wakasema wanyama.

"Kelele! Naanza upya! Vunjajabali-Mlamatope-Pembemoja..."

Maskini Nyati! Mababu zake walikuwa kichwani mwake kama shanga za uzi mmoja: huwezi kuipata ya kumi na moja bila kuzipitia zote. Alianza mara ya tatu, njiwa akalia juu ya mti, kuu-kuu, na uzi ukakatika.

Wote wakamgeukia Ngiri. Ngiri akatazama baragumu lake kama mtu anayetamani kutumbukia ndani yake.

"Bwana," akasema kwa sauti ya kuazima, "mbiu niliyoipiga... yaani uliyonituma niipige... inasema... mpaka mwezi mwingine uandame."

"Ngiri! Nikae mwezi mzima bila maji? Mimi? Nyati asipokunywa siku mbili anakuwa ngozi!"

"Hata mtoto wa Pundamilia, Bwana," akasema Digidigi taratibu. "Hata binti yangu."

Jua lilikuwa limeanza kuchoma. Nyuma ya Nyati maji yalikuwa yakibubujika, bubu-bubu, bubu-bubu. Akameza mate. Akayatazama maji, akawatazama wanyama wote waliokuwa wakimtazama. Hatimaye akasema, akitazama ardhi:

"Ngiri, piga mbiu. Sheria ya mababu imekwisha. Kila mwenye kiu anywe."

Puuuuu! Haijawahi kupigwa mbiu ndefu kama hiyo.

Digidigi hakunywa. Alikimbia kwanza nyumbani, akarudi na Kibibi mbio mbio. Binti akainama, akanywa, akapumua, akanywa tena mpaka matone yakamdondoka kidevuni. Ndipo baba yake naye akainama.

Wanyama walipotawanyika, Nyati akamsogelea polepole, kama aliyepoteza kitu na anaona haya kukiulizia.

"Sikiliza, mzee mwenzangu. Mababu zangu umewaweka wapi hata hawakupotei?"

"Nyumbani kwangu, Bwana."

"Wako salama?"

"Wote wazima. Ila Chafyakuu pilipili zinamsumbua, na Tumbopipa nimemwomba asisogee, amekalia chungu cha mke wangu."

Nyati akafikiri sana. "Nami nina nyumba," akasema. "Lakini sijawahi kuitazama ndani."

"Kaitazame," akasema Digidigi. "Anza langoni, nenda polepole."

Basi wanangu, njia niliyopita na hadithi hii imefika kwenu, nami naituliza hapa: anayepiga kelele hukumbuka mpaka akatizwe, bali anayekipa kila kitu mahali pake hukikuta kikimngoja.