Mtoto Aliyejiita Ngoja Kidogo

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanajenga nyumba, wanatandika vitanda na kugombana juu ya nani kaacha mlango wazi, aliishi Bi Pimbi. Pimbi ni yule mnyama mdogo wa majabali, mnene kama kifurushi, asiye na mkia. Najua baadhi yenu mkiitana pimbi huwa mnatukanana. Leo mtaona haya.

Bi Pimbi alikuwa mjane. Mumewe alichukuliwa na Chui asubuhi moja alipotoka kuota jua. Alimwachia nyumba ya chini ya jabali na watoto watatu. Sikudhani ndiye binti mkubwa, Mavuno ni mvulana mnene aliyependa kula, na kitindamimba alikuwa Johari.

Lakini Johari mwenyewe hakujua kuwa anaitwa Johari. Siku moja jirani yao, Bi Kobe, alimshika kidevu akamwuliza, "Mjukuu wangu, jina lako nani?"

"Ngoja Kidogo," akajibu.

Bi Kobe alicheka hadi kichwa kikaingia ndani ya gamba. Bi Pimbi naye akacheka, maana mgeni akicheka mwenyeji hanuni, ila moyoni aliona haya. Tangu siku hiyo kila mtu akamwita yule mtoto Ngoja.

Sasa nyinyi mtasema, mama gani huyo? Haya, semeni. Lakini mama huyo aliamka kabla ya jogoo, akatwanga, akapepeta, akachota maji, akachana nywele za watatu, akaamua ugomvi wa kijiko, akarudi kutwanga. Katikati ya hayo yote kulikuwa na sauti ndogo nyuma ya kanga yake, "Mama, tazama. Mama, tazama." Angetazama kwa macho yapi?

Asubuhi ya kisa chetu Bi Pimbi alikuwa anafunga nguo chafu apeleke mtoni.

"Mama, njoo uone kitu nyuma ya mtungi," akasema Ngoja.

"Ngoja kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo ni kidogo. Ukiuliza tena inaanza upya."

Mtoto akarudi nyuma ya mtungi. Bi Pimbi akajitwika furushi, akasimama mlangoni kutoa wosia wake wa kila siku. "Msigombane. Mnawe kabla ya kula. Na mgeni akija mkaribisheni, mpeni maji. Sisi si watu wa kumwacha mgeni mlangoni."

Akaenda zake. Njiani alijisifu moyoni kwamba, pamoja na shida zote, wanawe wana adabu. Alichosahau kuwaambia ni mgeni yupi.

Hakuwa amefika mbali mlango ulipogongwa, ngo ngo ngo.

"Hodi wenyewe," ilisema sauti nene.

"Karibu," akasema Mavuno, akafungua kabla ya kuchungulia, kama alivyofundishwa. Chui akaingia, madoadoa yake na masharubu yake, akaketi kizingitini, akauziba mlango wote kwa mgongo. Mkia akauacha nje, maana ndani haukutosha.

"Asanteni kwa makaribisho," akasema. "Baba yenu naye alikuwa mkarimu. Nimekuja kula."

"Mama hajapika," akasema Mavuno.

"Sitaki cha kupikwa, kijana wangu."

Sikudhani akaelewa, akarudi nyuma. Chui hakuwa na haraka. Aliyeshika mlango ana haraka ya nini?

Huku nyuma Bi Pimbi alikuwa amekumbuka kipande cha sabuni alichokisahau jikoni. Aligeuka, akinung'unika. Alipofika uani akauona ule mkia wa madoa umelala mbele ya mlango wake, unapiga vumbi taratibu, pu, pu, pu.

Furushi lilimtoka kichwani. Akataka kupiga yowe, akajiziba mdomo. Akitaka kuingia ataingilia wapi, na mlango ndio huo? Akajibanza ukutani, akasikia sauti kutoka ndani, na ile sauti ilikuwa yake mwenyewe. Yale maneno ni yake, na ule mkato wa mwisho ni wake, ila imetoka kwenye koo dogo.

"Umenawa?"

Ngoja huyo.

Chui akaitazama mikono yake. "Sijanawa."

"Asiyenawa hali. Ndivyo ilivyo hapa kwetu."

"Basi leta maji."

"Ngoja kidogo. Dada Sikudhani, nenda nyuma ya mtungi ukamletee mgeni maji. Nyuma kabisa. Angalia chini."

Sikudhani akaenda nyuma ya ule mtungi mkubwa. Chui akasubiri, na mkia ukasubiri naye.

"Mbona harudi?"

"Ngoja kidogo. Anatafuta kata. Na chumvi je? Huwa unakula nyama bila chumvi?"

Chui hakutaka kuonekana mshamba. "Hapana. Chumvi lazima."

"Kaka Mavuno, nenda nyuma ya mtungi ukalete chumvi. Vuta tumbo ndani."

Mavuno akaenda. Ikasikika sauti ya kukwaruza, kwaru kwaru, halafu ikatulia, halafu pwii.

"Nini hicho?" akauliza Chui.

"Anatwanga chumvi."

Pale ukutani Bi Pimbi hakuelewa lolote. Nyuma ya mtungi kuna nini? Si maji, si chumvi. Ghafla kitu kikamvuta pindo la kanga. Akageuka, akamwona Sikudhani, mweupe kwa vumbi kuanzia puani hadi kisiginoni, kidole mdomoni. Binti akamwongoza kuzunguka jabali hadi kwenye kichaka. Mavuno alikuwa amekaa pale, anajipapasa tumbo lililochubuka. Miguuni pake palikuwa na tundu ardhini, jembamba, tosha kabisa kwa pimbi.

"Ngoja ndiye aliyeligundua," akanong'ona Sikudhani. "Juzi. Alitaka kukuonyesha."

Bi Pimbi alihisi amepigwa kofi. Akapiga magoti kwenye lile tundu, akatega sikio. Wawili amewapata. Bado mmoja.

"Basi nianze na wewe," sauti ya Chui ilikuja kutoka chini.

"Mlafi ndiye huanza peke yake," ikajibu ile sauti ndogo. "Kaa vizuri. Usiegemee mlango, utauvunja. Mikono juu ya magoti. Na hayo macho usiyatoe hivyo."

Na Chui, amini usiamini, akaweka mikono juu ya magoti. Msicheke. Chui naye alizaliwa, akaogeshwa, akafinywa sikio kwa kutoa macho. Sauti ile ikikuingia ungali mdogo haikutoki, hata ukiota meno ya kuvunja mifupa.

"Nakwenda kuwaita wenzangu tule pamoja. Wewe ngoja kidogo."

"Kidogo kiasi gani?" akauliza Chui kwa upole.

"Kidogo ni kidogo. Ukiuliza tena inaanza upya."

Kukawa kimya.

Bi Pimbi akangoja. Akatazama ndani ya tundu, giza. Akataka kuita, akaogopa Chui asije akazinduka. Mchwa mmoja alipita mkononi mwake toka kidole hadi kiwiko, na bado kimya. Siku zote alidhani kidogo ni kitu kifupi. Sasa akajua urefu wake, na akajua kwamba mwanawe amekuwa akikaa ndani ya urefu huo kila siku, asubuhi hadi jioni, bila kulalamika.

Ndipo pua ikatokea, ina vumbi, inapiga chafya. Bi Pimbi akaikamata pamoja na kichwa kizima, akavuta, akamkumbatia hadi mtoto akasema, "Mama, unaniumiza."

Wakapanda jabali mbio, tapu tapu tapu, hadi kilele laini, ambako makucha huteleza.

Kule chini Chui alikaa mikono magotini. Tumbo likanguruma, ngruuu. Akakumbuka msemo wa wazee, kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, akaona kweli lake linamuuma. Hakuuliza, isije ikaanza upya. Jua lilipohama mlangoni ndipo akili ikamrudia. Akaruka nyuma ya mtungi, akaliona tundu, akasukuma kichwa ndani kwa hasira. Kikaingia hadi masikioni, kikagoma kutoka. Akapiga teke, mtungi ukamwangukia, pwaa, akanawa mwili mzima.

"Mnarudi lini?" akanguruma toka ardhini.

Bi Pimbi akawatazama wanawe, akainama kutoka kileleni, akasema kwa mara ya mwisho, "Ngoja kidogo."

Jioni ile, katika pango jipya, Bi Pimbi alikuwa anasonga ugali, Mavuno anadai njaa, Sikudhani anatafuta mkeka. Nyuma ya kanga ikaja sauti.

"Mama, tazama."

"Ngo..." akaanza, akajiuma ulimi. Akauweka mwiko chini, akageuka.

Alikuwa sisimizi amebeba punje ya mtama. Basi. Wakamtazama wote wawili hadi alipoingia ufani, na ugali ukaungua upande mmoja, nao wakaula hivyo hivyo.

"Johari," akasema mama.

Mtoto akatazama nyuma, aone nani anaitwa.

Hadithi yangu nimeitua hapo, na mzigo wake ni huu: mwanao akikwambia tazama, tazama, huenda anakuonyesha mlango.