Pazia la Bi Mize na Kochi la Mzee Kitwana

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa dirisha lisilo pazia, na majirani wasio haya. Sogeeni, msikie.

Hapo kale alikuwapo Mzee Kitwana. Mtu mwema, ila haoni duka akalipita. Alikuwa na mkewe, Bi Mize, na binti yao, Mwanasha. Siku moja ikaja habari: Ijumaa wageni wanaleta posa ya Mwanasha. Na dirisha la sebule li tupu!

"Mume wangu," akasema Bi Mize, "kanunue pazia. Lakini pima dirisha kwanza."

"Nipime nini? Dirisha langu, macho yangu!"

Huyoo, mpaka kwa Msabaha, muuza vitambaa mwenye ulimi wa asali. Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Vya Msabaha vilitembea mji mzima!

Akauziwa pazia jepesi kama utando wa buibui. Magharibi taa ikawashwa. Mzee Kitwana akavua shati, akajikuna mgongo kwa mwiko. Mara akasikia sauti za majirani barabarani: "Juu kidogo, Mzee! Hapo hapo!"

Akarudi dukani mbio. "Pazia lako linaonyesha!"

"Ah, hilo ni la mchana," akasema Msabaha. "Chukua hili zito."

Kulitundika, likaishia katikati ya dirisha kama kaptura. Akarudi tena.

"Pazia lako fupi!"

"Pazia si fupi, Mzee. Dirisha lako ndilo refu. Chukua hili jekundu, la kifalme."

Mzee Kitwana akalipokea kwa mikono miwili. Mnacheka? Nanyi mngelipokea! Ulimi ule!

Bi Mize alipoliona, hakulitundika. Alipima dirisha kwa kamba, akalowesha leso nyeupe, akabeba mapazia yote matatu, akaenda sokoni mwenyewe. Mbele ya watu akalisugua lile jekundu kwa leso. Leso ikawa nyekundu.

"Bwana Msabaha, hii nini?"

"Hilo... hilo ni jasho la pazia, Bi Mize. Halidhuru."

"Halidhuru? Basi jipanguse uso nalo."

Watu wakamtazama. Msabaha atafanyaje? Akajipangusa, naye jasho linamtiririka! Uso ukawa mwekundu kama kinywa cha mla tambuu. Soko likaangua kicheko. Kwa aibu akayapokea mapazia yake, akatoa kitambaa kizuri. Bi Mize akakipima kwa kamba, akakiangalia juani, akakisugua kwa leso. Ndipo akakichukua.

Ijumaa ikafika. Pazia limekaa, limependeza! Lakini Mzee Kitwana yuko wapi? Huyo anakuja na wachukuzi, na kochi kubwa kama ng'ombe wa sikukuu.

"Umelipima?" akauliza Bi Mize.

Kochi lilikwishaingia mlangoni. Nusu ndani, nusu nje, likakwama. Sukuma, wapi! Vuta, wapi!

Wageni nao hao! Wakaketishwa mlangoni, kwenye ile nusu ya nje. Pilau ikapitishwa dirishani. Wakala, wakashiba, wakamtazama Mzee Kitwana, wakatazamana.

Baba wa kijana akakohoa. "Sisi tumeridhika. Tuambieni basi, mnataka mahari gani?"

Mzee Kitwana akafungua kinywa. Lakini pazia likafunuliwa, kichwa cha Bi Mize kikatokeza.

"Mahari baadaye!" akasema. "Kwanza mtutolee hili kochi!"

Hadithi yangu nimeitundika hapo. Aliyeipenda aifunue, aliyechoka aifunge akalale.